Maziwa ya Molo hayaonekani: kutatua matatizo ya indeksi kwenye DynamoDB

Mfano wa hapa ni chama cha ushirika cha maziwa katika Kaunti ya Nakuru. Chama chenyewe ni cha kubuni, ila yeyote aliyewahi kuandika programu ya vituo vya kukusanyia maziwa kule Njoro, Subukia au Olenguruone atakitambua. Wanachama ni 4,000, vituo ni 20, na maziwa hupimwa asubuhi na jioni. Karani huingiza kwenye simu nambari ya mwanachama, lita na wakati, kisha mwisho wa mwezi ofisi hulipa kwa M-Pesa. Hizo ni rekodi 8,000 kwa siku, kama 240,000 kwa mwezi. Tukikadiria baiti 300 kwa rekodi moja, mwezi mzima haufiki megabaiti 75. Ni data ndogo sana, na ndiyo maana inaudhi inapokwama.

Data inakaa kwenye DynamoDB, hifadhidata ya Amazon ya mtandaoni, na jedwali linaitwa Mapokezi. Ufunguo wake wa mgawo, ule unaoamua rekodi ikae katika fungu gani, ni nambari ya mwanachama. Ufunguo wa mpangilio ni wakati wa kupima. Kwa funguo hizo mkulima akiuliza ameleta lita ngapi mwezi huu, anajibiwa papo hapo. Maswali ya karani, ya mhasibu na ya meneja hayana njia mpaka yatengenezewe indeksi, yaani nakala ya data iliyopangwa kwa funguo nyingine, na matatizo mengi yaliyo hapa chini yanaanzia hapo: mtu ameuliza swali ambalo hakuna ufunguo uliowekwa kulijibu.

Kabla ya kugusa chochote, soma namba mbili. Kila jibu la Query (kusoma kwa ufunguo) au Scan (kusoma jedwali zima) huja na Count, yaani rekodi ulizopewa, na ScannedCount, yaani rekodi zilizosomwa kabla ya kuchujwa. Kwenye ombi lako weka pia ReturnConsumedCapacity yenye thamani INDEXES, nayo itakuonyesha jedwali limekula yuniti ngapi, yaani vipimo vya kusoma na kuandika unavyotozwa, na kila indeksi ngapi. Ukijumlisha kurasa zote ukapata Count ya 400 na ScannedCount ya 240,000, umeshamjua mchawi.

Dalili: ripoti ya kituo ilikuwa haraka siku za kwanza, sasa inachukua dakika kadhaa

Meneja anataka maziwa yote yaliyopokelewa Molo leo. Mwandishi wa programu ameandika Scan, akaweka FilterExpression inayosema kituo kiwe Molo na tarehe iwe ya leo. Siku ya majaribio, jedwali likiwa na rekodi mia mbili, jibu lilitoka kabla hajainua kidole. Akaridhika.

Kichujio hufanya kazi baada ya kusoma. DynamoDB inasoma kila rekodi, inakutoza kwa kila rekodi, halafu ndipo inatupa zile usizozitaka. Piga hesabu. Yuniti moja ya kusoma ni kilobaiti 4 kwa usomaji wa uhakika, au mara mbili ya hizo kwa usomaji wa kawaida, ule unaoweza kuchelewa kidogo kupata sasisho. Megabaiti 72 kwa usomaji wa kawaida ni takriban yuniti 9,000. Ikiwa jedwali lako limepangiwa yuniti 25 kwa sekunde, hapo ni sekunde 360: meneja anangoja dakika 6, na katika dakika hizo kila mkulima anayefungua simu yake anagombea yuniti hizo hizo. Mwezi wa pili ni dakika 12.

Sasa tengeneza indeksi ya jumla, ile ambayo kwenye konsoli huitwa GSI. Ufunguo wa mgawo uwe kituo na wa mpangilio uwe wakati. Molo kwa siku moja ina rekodi kama 400, kilobaiti 120, yuniti 15. Zikiongezeka rekodi za miaka mitano, swali la leo litabaki yuniti 15.

Watu hubishana kama ufunguo wa mgawo uwe kituo peke yake au kituo pamoja na tarehe, kwa mfano MOLO#2025-03-07. Hoja ya wanaounganisha ni kwamba fungu moja haliwezi kupita yuniti 1,000 za kuandika wala 3,000 za kusoma kwa sekunde, hivyo ni afadhali kusambaza mzigo. Hoja ni sahihi, ila chama hiki hakiandiki hata rekodi kumi kwa sekunde. Ukiunganisha tarehe, ripoti ya mwezi itahitaji maswali 31 badala ya moja. Kwa ukubwa huu ningeacha kituo peke yake bila kusita. Kampuni inayopokea vipimo vya mitambo maelfu kwa sekunde ndiyo yenye sababu ya kufanya vingine.

Jambo jingine kuhusu ufunguo wa mpangilio: thamani unayoijua kamili itangulie, ile ya masafa ifuate. Kama swali linaloulizwa sana ni maziwa ya asubuhi ya Molo kwa mwezi wa tatu, andika ASUBUHI#2025-03-07 na uulize kwa begins_with. Ukigeuza, tarehe mbele na zamu nyuma, utasoma na za jioni zote kisha uzichuje, na umerudi ulikotoka. Ila kwa mpangilio huo, anayetaka siku nzima atauliza mara mbili. Nenda kaulize ofisini ni ripoti ipi hufunguliwa kila siku, usiamue peke yako mbele ya kompyuta.

Dalili: skrini inasema "Hakuna rekodi" na rekodi zipo

Mara nyingi ni Limit. Wengi hudhani Limit ya 20 ni rekodi 20 zilizopita kichujio. Hapana: zinasomwa 20, kisha zinachujwa, na huenda isibaki hata moja. Hata bila Limit, ukurasa mmoja husoma megabaiti moja tu kisha husimama. Kama jibu lina LastEvaluatedKey, kazi haijaisha, hata orodha ikiwa tupu. Endelea kuuliza ukianzia hapo mpaka isionekane tena.

Dalili: simu za makarani zinakataliwa kuandika, na jedwali lina nafasi tele

Hii ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa hiyo tuikalie.

Karani wa Kuresoi yuko mahali mtandao unakuja na kwenda. Programu inahifadhi rekodi kwenye simu, na akifika penye mtandao inazituma zote kwa mkupuo, 25 kwa kila ombi la BatchWriteItem. Kwenye grafu, jedwali limepangiwa yuniti 20 za kuandika na halitumii hata nusu. Hata hivyo maombi yanabanwa. Kikundi kizima cha wataalamu kinaanza kuzungumzia fungu moja lililopata moto, na mtu anapendekeza kubadilisha ufunguo wa jedwali.

Angalia indeksi kwanza. Kila GSI ina yuniti zake, mbali na za jedwali. Rekodi moja ikiingia kwenye jedwali lenye GSI tatu, inaandikwa mara nne kama ina funguo za zote. Na kama indeksi moja imepangiwa yuniti 1 kwa sababu mtu alikuwa anabana matumizi, indeksi hiyo ikijaa, DynamoDB hulikatalia jedwali lenyewe kuandika. Indeksi iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo wa jedwali. DynamoDB huweka akiba ya yuniti ulizokuwa hujazitumia, hadi za sekunde 300, kwa hiyo indeksi ya yuniti 1 ina kama 300 mkononi. Kituo kimoja chenye rekodi 200 kitapita salama. Vituo viwili vikituma pamoja, akiba imeisha, na karani wa tatu anaanza kupiga simu ofisini. Ndiyo maana tatizo huonekana siku moja na kutoweka siku inayofuata.

Uthibitisho uko CloudWatch, huduma ya Amazon ya vipimo na grafu: fungua WriteThrottleEvents na uigawe kwa jina la indeksi. Ikionekana kwenye indeksi huku jedwali likiwa shwari, umepata. Kama umewasha upandishaji wa kiwango kiotomatiki kwa kutumia msimbo, hakikisha indeksi nazo umeziwashia, maana kuliwashia jedwali hakuziwashii hizo. Kwa biashara ya maziwa, yenye kilele saa moja asubuhi na ukimya saa tano, mimi ningetumia malipo kwa kila ombi na kuachana na kupanga yuniti kabisa. Kupanga yuniti kunamfaa mwenye mzigo unaotabirika.

Kuna sehemu mbaya zaidi ya haya. BatchWriteItem ikibanwa kwa baadhi ya rekodi, ombi linarudi likiwa limefaulu, na zilizobaki zimo ndani ya UnprocessedItems. Programu isiyoangalia hapo itaifuta foleni yake kwenye simu ikidhani mambo yameisha. Mkulima atalipwa pungufu, na hakuna kosa lolote kwenye kumbukumbu za seva. Zirudishe hizo, ngoja kidogo, tuma tena, na kila mara ukishindwa ongeza muda wa kungoja.

Dalili: siku ya malipo mfumo mzima unalegea

Mhasibu anataka ambao hawajalipwa. Msanidi ameweka sifa ya hali kwenye kila rekodi ya maziwa, HAIJALIPWA au IMELIPWA, akatengeneza GSI ambayo hali ndiyo ufunguo wa mgawo. Inaonekana safi. Sasa kalamu na karatasi: kulipa mwezi mmoja ni kubadilisha rekodi 240,000. Kila badiliko ni andiko moja kwenye jedwali na mawili kwenye indeksi, kwa kuwa ufunguo wa indeksi ukibadilika, ingizo la zamani hufutwa na jipya huandikwa. Jumla 720,000. Na kama indeksi ya kituo imenakili sifa zote, nayo inaandikwa upya kila mara, kwa hiyo ongeza 240,000 nyingine. Juu ya hayo, maandiko yote ya indeksi ya hali yanamiminika kwenye thamani mbili tu, kwa hiyo ukiendesha kazi hiyo sambamba kwa kasi, ile yuniti 1,000 ya fungu ambayo asubuhi haikukuhusu, sasa itakuhusu.

Hapa kuongeza indeksi hakusaidii. Anayelipwa ni mwanachama kwa mwezi, kwa hiyo rekodi ya kulipwa iwe hiyo. Tengeneza jedwali la Malipo lenye rekodi moja kwa kila mwanachama kwa kila mwezi: rekodi 4,000. Zisizolipwa ziwekee sifa inayoitwa, tuseme, inadaiwa, yenye thamani 2025-03. Jenga GSI juu ya sifa hiyo. Rekodi isiyo na sifa ambayo ni ufunguo wa indeksi haiingii kwenye indeksi hiyo kabisa, kwa hiyo M-Pesa ikithibitisha, iondoe sifa na rekodi itatoweka yenyewe kwenye orodha ya mhasibu. Andiko moja kwenye jedwali, moja la kufuta kwenye indeksi: 8,000 kwa mwezi badala ya 720,000. Indeksi inaanza na watu 4,000 na jioni inabaki na wale ambao malipo yao yamegoma, ambao ndio mhasibu anataka kuwaona.

Dalili: rekodi imeandikwa lakini haionekani kwenye orodha

Kuna aina mbili, na muda ndio unaozitenganisha.

Ikitokea baada ya sekunde moja au mbili, ni kawaida. GSI husasishwa baada ya jedwali, na haina usomaji wa uhakika. Ukiuomba utapewa kosa. Kwa kawaida ucheleweshaji ni mdogo sana, lakini kituoni unatosha kuleta mazungumzo haya:

"Mama, subiri kidogo, haijaingia."

"Kijana wangu, si umepima mbele yangu?"

Karani anabonyeza tena, na mama amepata lita mbili kwa moja. Tiba: baada ya kuandika, onyesha rekodi ile ile uliyo nayo mkononi, au soma kutoka jedwali lenyewe kwa usomaji wa uhakika. Kisha zuia kurudia kwa ufunguo: badala ya wakati kamili tumia tarehe na zamu, ukaandike kwa sharti kwamba rekodi hiyo isiwepo tayari. Hapo hata akibonyeza mara kumi, inaingia moja.

Isipoonekana hata kesho yake, angalia aina ya data. Tuseme umeongeza indeksi ya nambari ya simu kwenye jedwali la Wanachama lenye rekodi za miaka. Za zamani ziliingizwa kutoka lahajedwali, simu ikiwa namba na sifuri ya mbele imepotea. Mpya ni maandishi yanayoanza na 254. Indeksi inataka maandishi. Wakati wa kujazwa, zile zenye aina isiyolingana zinarukwa kimya kimya, na indeksi inatangazwa kuwa tayari. Baada ya hapo mambo yanageuka: atakayejaribu kuandika namba badala ya maandishi, au maandishi matupu, andiko lake lote linakataliwa kwa ValidationException. Sahihisha data kwanza, mtindo mmoja wa simu kwa wote, ndipo uijenge indeksi.

Dalili: mpangilio wa tarehe umevurugika

Maandishi hupangwa herufi kwa herufi. 7/3/2025 itakuja baada ya 15/11/2025. Andika mwaka, mwezi, siku, zikiwa na sifuri za mbele: 2025-03-07. Nambari za wanachama zilizohifadhiwa kama maandishi zina ugonjwa huo huo, 10 hutangulia 9. Na saa: Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo lori linalopakia Elburgon saa nane usiku litaandikwa tarehe ya jana kama seva ndiyo inayopanga siku. Maziwa ya asubuhi yanaponea chupuchupu, na kwa sababu hiyo kosa hukaa miezi bila kugunduliwa.

Dalili: majina yapo, lita hazipo

Sifa ya lita haikunakiliwa kwenye indeksi. GSI haiendi kwenye jedwali kukuchukulia ilichokosa, na orodha ya sifa zilizonakiliwa haibadilishwi indeksi ikishaundwa. Unda nyingine, hamishia programu huko, futa ya kwanza. Kunakili zote ndiko kunakojaribu, lakini umeona siku ya malipo kunagharimu nini. Nakili kile ambacho skrini huonyesha.

Dalili: msimbo mmoja wa M-Pesa umeingia mara mbili

Indeksi haizuii marudio. Ukitaka msimbo uwe wa pekee, uwe ufunguo wa jedwali lake, na uandikwe, kwa sharti kwamba usiwepo tayari, ndani ya muamala mmoja na rekodi ya malipo.

Dalili: kila kitu kiko polepole, hata swali la mkulima mmoja

Linganisha SuccessfulRequestLatency na muda anaousubiri mtumiaji. Ya kwanza ikiwa milisekunde chache na simu ya kituo cha Bahati inangoja sekunde tatu, acha indeksi zako, tatizo liko njiani.

Ile indeksi nyingine

LSI, ya ndani, hutumia ufunguo ule ule wa mgawo na kubadilisha mpangilio tu. Ina usomaji wa uhakika, na hilo ni jambo kubwa. Lakini huundwa pamoja na jedwali, haiongezwi baadaye, haiondolewi, hazizidi 5, na ukiwa nayo rekodi zote za thamani moja ya ufunguo wa mgawo haziwezi kupita gigabaiti 10. Mkulima mmoja hatafika huko. Bado, ningeitumia pale tu ambapo swali lenyewe haliwezi kuvumilia kuchelewa, kama salio la mkopo wa chakula cha ng'ombe kabla ya kuidhinisha mwingine.

Unapoongeza au kuondoa

GSI 20 zinaruhusiwa kwa jedwali kabla ya kuomba zaidi, na watu husoma hiyo kama ruhusa. Chama hiki kinahitaji moja kwenye Mapokezi, moja kwenye Malipo, na moja ya simu kwenye Wanachama. Unaweza kuunda au kufuta moja tu kwa wakati kwenye jedwali. Ikiwa unajenga kwenye jedwali linalotumika, anza baada ya maziwa ya jioni kupokelewa na ufuatilie OnlineIndexPercentageProgress.

Kutafuta ya kufuta, tazama ConsumedReadCapacityUnits ya kila indeksi. Sifuri kwa wiki moja haitoshi kuihukumu, kwa kuwa kuna inayosomwa siku ya malipo pekee, na nyingine wakati wa kugawa bonasi ya mwaka. Muulize mhasibu kabla ya kufuta, na uhifadhi mahali fulani maelezo ya funguo zake na sifa zilizonakiliwa, ili akikumbuka Desemba uweze kuijenga upya usiku mmoja.